Bunduki Mia Moja za Gumegume

Kila mwaka, nifikapo kwenye mada ya Vita Baridi, huwaonyesha wanafunzi wangu sehemu moja ya tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iliyorushwa muda mrefu kabla hawajazaliwa. Dakika za mwanzo huwa za kicheko. Hutokea nyani mkubwa mweupe mwenye pembe kichwani, na darasa zima huona mara moja kwamba ni mtu aliyevishwa manyoya. Sayari ya mbali ni vilima vikavu vya California, na wakazi wake wamevaa nywele za bandia zisizomdanganya yeyote. Baada ya dakika hamsini kicheko kimekwisha. Nahodha aliye mshindi katika karibu kila sehemu ya tamthilia hiyo amesimama kichwa chini, ameagiza bunduki mia moja, na hakuna muziki wa kumpongeza.

Tamthilia hiyo ni Star Trek, iliyoonyeshwa na shirika la NBC kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969. Sehemu ninayoizungumzia inaitwa «A Private Little War», yaani kivita kidogo cha faragha. Wapenzi wa Star Trek wanapoorodhesha sehemu bora mara chache huitaja. Wakiitaja, wengi humkumbuka yule nyani. Nadhani wanaidhulumu. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini wachache wanaoithamini wana haki, na kwa nini mtumishi wa umma wa Dodoma au Nairobi ana sababu ya kuitazama kuliko hata shabiki wa vyombo vya anga.

Nianze na tarehe, kwa kuwa hapa tarehe ni nusu ya hoja. Sehemu hii ilirushwa Ijumaa, 2 Februari 1968. Siku tatu kabla yake, mwishoni mwa Januari, majeshi ya Vietnam Kaskazini na wapiganaji wa ukombozi wa Kusini walikuwa wameanzisha mashambulizi ya Tet katika miji mingi ya Vietnam Kusini, na ubalozi wa Marekani mjini Saigon ulikuwa umevamiwa. Tarehe 1 Februari mkuu wa polisi wa Vietnam Kusini alimpiga risasi ya kichwa mfungwa aliyefungwa mikono, hadharani barabarani, mbele ya kamera. Siku ya pili picha ile ilikuwa kwenye kurasa za mbele za magazeti, na jioni taarifa ya habari ya NBC ikaonyesha filamu ya tukio hilo. Muda mfupi baadaye, jioni ileile na katika shirika lilelile, ikafuata Star Trek na kivita chake kidogo cha faragha.

Mkutano huo haukupangwa. Sehemu ilikuwa imerekodiwa mwaka 1967, wakati viongozi wa Marekani bado waliwaambia wananchi wao kwamba mwisho wa vita unakaribia. Kwa mwanahistoria jambo hilo lina thamani kubwa: tunayo kumbukumbu ya namna watu waungwana wa Marekani walivyojieleza vita vile kabla Tet haijawavunja moyo.

Hadithi yenyewe ni hii. Kapteni Kirk anarudi kwenye sayari aliyoitembelea miaka kumi na mitatu nyuma, alipokuwa afisa kijana. Wakati ule aliishi na watu wa vilimani, wawindaji wa pinde na mishale, akafanya urafiki na mmoja wao aitwaye Tyree, kisha akaandika ripoti akipendekeza sayari ile isiingiliwe na mtu. Safari hii anawakuta wanakijiji wa bondeni wamejificha njiani kuwavizia watu wa vilimani, na mikononi wana bunduki za gumegume. Katika purukushani ile Spock, msaidizi wa Kirk, anapigwa risasi na kurudishwa chomboni akiwa mahututi.

Bunduki zimetoka wapi? Kirk na Daktari McCoy wanaingia kijijini usiku, wanakuta kiwanda cha mhunzi, na ndani yake keekee ya chuma ambacho mhunzi wa pale hawezi kukitengeneza. Dola ya Klingon, hasimu wa Shirikisho analolitumikia Kirk, inawapa wanakijiji utaalamu wa silaha kidogo kidogo, hatua moja baada ya nyingine, ili mtu wa nje aamini kwamba wamevumbua wenyewe. Hili huwa nalisimamishia filamu darasani. Msaada wa siri ulikuwa mkakati wa kawaida wa karne ya 20, na ustadi wake mkubwa ulikuwa kuyafanya mambo yaonekane yamechipuka katika udongo wa wenyeji.

Kirk anaamua kuwafundisha watu wa vilimani kutumia bunduki zilezile. McCoy anakasirika. Anamwambia kwamba kuzipa silaha pande zote mbili ni kuihukumu sayari kwenye vita visivyo na kikomo. Kirk anajibu kwa utulivu: upande mmoja tayari una bunduki, na usipoupa mwingine, utaangamizwa, ukiupa zaidi, utauangamiza wa kwanza. Kwa hiyo kipimo kiwe sawa. McCoy anauliza: je, wale wakiongeza? Basi nasi tutaongeza kiasi hichohicho. Kirk anataja vita vya karne ya 20 katika bara la Asia, ambamo dola mbili kubwa zilikuwa nyuma ya pazia na hakuna iliyoweza kujitoa. Jina la Vietnam halitamkwi, lakini hakuna mtazamaji wa mwaka 1968 aliyehitaji kutajiwa.

Tyree hataki kuua. Mkewe, Nona, mjuzi wa mitishamba na mwenye tamaa ya utawala, anamwona mumewe dhaifu. Anaiba silaha ya mwali ya Kirk na kuwapelekea wanakijiji. Hawaielewi, wanamshika kwa jeuri, na watu wa vilimani wanapotokea wanadhani amewaingiza mtegoni, wanamchoma kisu. Hapo Tyree, yule aliyekataa kuua, anadai bunduki nyingi zaidi. Kirk amepata alichokitafuta, yaani mpiganaji aliye tayari. McCoy anamweleza hivyo, na Kirk hana furaha. Anamwita fundi mkuu wa chombo na kuagiza bunduki mia moja za gumegume. Fundi anadhani amesikia vibaya. Kirk anabadili lugha: ziitwe nyoka, anasema, nyoka wa kupelekwa bustani ya Edeni. Kisha anaomba warudishwe chomboni kwa sababu wamechoka.

Wanaoidharau sehemu hii wana hoja mbili. Ya kwanza ni ya sanaa: nyani, nywele za bandia, na Nona aliyechorwa kama mwanamke mshawishi wa hadithi za kale. Siibishii. Ya pili ni ya siasa, nayo ni nzito: kwamba tamthilia iliyojinadi kuwa ya amani ilimpa shujaa wake hoja zilezile za serikali iliyokuwa ikipeleka karibu nusu milioni ya askari Vietnam.

Wanaoithamini hujibu kwa mambo madogo ambayo wapita njia hawayaoni. Hutaja kwamba hapa ndipo anapotokea kwa mara ya kwanza Daktari M'Benga, mweusi mwenye jina la sauti ya Kiafrika, aliyeigizwa na Booker Bradshaw. Ndiye bingwa anayeelewa mwili wa Spock kuliko daktari mwingine yeyote chomboni, na hakuna anayeshangaa. Mhusika huyo alirudishwa mwaka 2022 katika tamthilia mpya ya ukoo uleule. Kwetu sisi huo ni udugu wa pili, kwani wa kwanza ni Uhura, afisa wa mawasiliano, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya yenye neno hilo kama jina lake. Tamthilia iliyotungwa wakati nchi zetu zikipata uhuru ilichukua neno kutoka kwetu kulipeleka mbinguni.

Hutaja pia kwamba McCoy hashindwi katika mjadala ule. Hakuna tukio linaloonyesha kwamba alikosea. Kinyume chake, kila kinachofuata kinampa haki. Tena historia ya uandishi wa sehemu hii ina mvutano wake. Aliyebuni kisa, Don Ingalls, hakuridhika na namna Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, alivyouandika upya mswada wake ambao ulikuwa na marejeo ya wazi zaidi ya Vietnam, akataka jina lake liondolewe na kuweka la bandia. Roddenberry naye hakuwa mpiga debe wa vita. Mwaka huohuo wa 1968 jarida la hadithi za kisayansi la Galaxy lilichapisha matangazo mawili ya kulipiwa yaliyotiwa saini na waandishi, moja likiunga mkono kuendelea kwa jeshi la Marekani Vietnam na jingine likipinga. Robert Heinlein na Poul Anderson walikuwa upande wa kuunga mkono. Isaac Asimov, Ray Bradbury na Ursula Le Guin walikuwa upande wa kupinga, na jina la Roddenberry lilikuwa pamoja nao.

Kwa hiyo tuna mtu mmoja aliyemwandikia Kirk hoja ya kugawa silaha, na aliyetia saini kupinga vita ambavyo hoja hiyo ilivizaa. Wengine huuita huo unafiki. Mimi nauona kuwa ushahidi. Mtu anaweza kuona kwamba hoja haina ufa, na wakati huohuo akaona kwamba inakoelekea ni makaburini. Sehemu hii ilithubutu kuyaweka yote mawili katika chumba kimoja bila kuyapatanisha.

Hata hivyo mwanahistoria hana budi kuonyesha kasoro yake kubwa, nayo si nyani. Ni Edeni. Katika sayari ile watu wa vilimani na wa bondeni walikuwa wakiishi kwa amani mpaka mgeni alipoleta bunduki. Hatuelezwi kwa nini wanakijiji wanawashambulia jirani zao. Hawana dai la ardhi, hawana kodi wanayoikataa, hawana mtawala aliyewahi kuwadhulumu. Vita vimeletwa kama ugonjwa.

Vietnam haikuwa hivyo. Watu wake walipigana na ukoloni wa Wafaransa kuanzia miaka ya 1940 hadi ushindi wa Dien Bien Phu mwaka 1954, huku Marekani ikilipa sehemu kubwa ya gharama za Wafaransa mwishoni. Makubaliano ya Geneva ya mwaka huo yaliahidi uchaguzi wa nchi nzima mwaka 1956, na haukufanyika. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki ni dola mbili kubwa na kundi la watu wasio na historia, na hapo hoja ya usawa wa silaha inapata mantiki kwa urahisi kupita kiasi. Anayeamini kwamba wenyeji hawana sababu zao huishia kuhesabu bunduki tu.

Sisi tunaweza kulisahihisha hilo kwa historia yetu, maana bunduki ya gumegume si kitu cha kubuni katika nchi hizi. Katika karne ya 19, majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha zao kwa bunduki zinazojazwa risasi kwa nyuma, zile kuukuu zilitafutiwa soko. Maelfu kwa maelfu zilipita Zanzibar na bandari za mrima, zikapanda bara kwa misafara ya pembe za ndovu. Mirambo wa Unyamwezi alijenga dola yake kwa ruga-ruga wenye bunduki hizo, akapambana na Waarabu wa Tabora tangu 1871, na mpaka alipofariki mwaka 1884 hakuna mfanyabiashara aliyepita magharibi bila kumzingatia. Mirambo hakuwa Tyree. Alikuwa na hesabu zake za njia, ushuru na wapinzani, na bunduki aliitafuta mwenyewe.

Kisha mataifa makubwa yakakutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mliwekwa vifungu vya silaha: kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, uingizaji wa bunduki za kisasa ulizuiwa isipokuwa kwa masharti makali. Lakini bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa kwa kibali cha watawala. Soma kifungu hicho kisha urudi kwa Kirk. Makarani wa Brussels, kama nahodha yule, waliamua kwa makini ni kiwango gani cha mauti kinachomfaa mtu mwingine. Tofauti ni kwamba wao hawakukusudia usawa. Miaka kumi na mitano baadaye, katika vita vya Maji Maji, wapiganaji wa kusini mwa Tanganyika walikwenda na mikuki na magobore dhidi ya bombomu za Wajerumani, na pale Mahenge, Agosti 1905, matokeo ya kifungu kile yalilala chini mbele ya boma.

Je, usawa ungeokoa? Pembe ya Afrika ilitoa jibu kwa hoja ya Kirk miaka kumi baada ya sehemu ile kuonyeshwa. Hadi katikati ya miaka ya 1970 Muungano wa Kisovieti uliipa silaha Somalia, na Marekani iliipa Ethiopia. Mapinduzi ya Ethiopia yakavuruga mizani. Mwaka 1977 jeshi la Somalia liliingia Ogaden. Wasovieti wakahamia upande wa Ethiopia kwa silaha na washauri, askari wa Kuba wakafuata, na Siad Barre akawafukuza Wasovieti mwezi Novemba. Machi 1978 Somalia iliondoa jeshi lake, na baadaye Marekani ikawa mfadhili wake. Katika muda mfupi dola kubwa zilikuwa zimebadilishana viti, na silaha walizoleta mwanzoni zilibaki zilipo. Hapa pia wapiganaji walikuwa na sababu zao, za mpaka na za taifa, ambazo hazikubuniwa Moscow wala Washington. Lakini serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, bunduki zilikuwa nyingi kuliko taasisi zozote zilizosalia, na nchi jirani, Kenya ikiwemo, zimekuwa zikizipokea mipakani tangu wakati huo. Mizani haikuwahi kutulia. Kilichotulia ni bunduki.

Narudi kwa nahodha aliyechoka, maana ndiye sababu ya makala haya. Historia ya vita ingekuwa somo jepesi kama silaha zingegawanywa na watu waovu tu. Sehemu hii inatuonyesha mgawaji mwenye huruma, anayempenda Tyree, aliyewahi kuandika ripoti ya kuwalinda watu wale, na anayesikiliza ushauri wa daktari wake hadi mwisho. Kila hatua anayoichukua inaweza kutetewa. Ukimuuliza, atakuambia hakuwa na hiari. Na bado mwisho wa siku rafiki yake amekuwa mtu wa kisasi, Nona amekufa, na sayari ina bunduki mia zaidi. Kirk hasemi kwamba alikosea. Anakubali tu kukiita kitu kwa jina lake.

Kukiita kitu kwa jina lake ni tendo adimu katika ofisi zetu. Baada ya filamu huwapa wanafunzi zoezi. Siwaulizi nani alikuwa sahihi kati ya Kirk na McCoy. Nawaambia wajifanye maafisa wa wizara, waandike barua rasmi ya kuomba zile bunduki mia, yenye kumbukumbu namba, kichwa cha habari na YAH. kwa herufi kubwa. Wanaiandika vizuri, wengine vizuri mno. Mwaka jana nilisoma barua zilizojaa «vifaa», «kuwajengea uwezo wananchi wa vilimani», «kuimarisha ulinzi shirikishi» na «kudumisha uwiano». Katika rundo zima neno kuua halikuwemo hata mara moja, na neno bunduki lilikuwa katika barua chache. Msichana mmoja aliyekuwa kazini serikalini kabla ya kurudi masomoni aliandika barua isiyo na dosari, kisha chini ya sahihi akaongeza kwa kalamu ya risasi kwamba hakuhitaji kufikiri ili kuiandika, na kwamba hilo limemtisha.

Nilimpa alama za juu, na sikumfariji. Wengi wa wanafunzi wangu watakuwa makatibu, wakuu wa idara na maafisa ugavi. Kuna siku jalada litawekwa mezani likiwa na hoja isiyo na ufa. Sitarajii kwamba kila mmoja atakataa kutia sahihi. Hata Kirk hakukataa. Ninachowaomba, kabla ya kushika kalamu, wamuulize aliyelileta swali alilouliza McCoy, wale wakiongeza itakuwaje, na waliandike jibu lake ndani ya jalada kwa maneno ambayo mjane wa upande wowote angeyaelewa.